Sauti Isiyoambiwa Mwisho

Mtera,
11 Julai 2025

Kwako Alnashir,

Salaam kutoka bwawani. Kabla hujauliza kwa nini nakuandikia barua kama mwanafunzi wa bweni, ujue simu yangu nimeiacha nyumbani Area D, juu ya friji, inachaji. Nimeiacha makusudi. Ningekuja nayo, Ruthu angepiga, na angesikia kinachotoka kooni mwangu siku hizi, kama mtu anaburuta kabati kwenye sakafu ya saruji. Nimemwambia nimekuja kwa dada Hilda kuwasaidia vijana wa filamu, na kwamba mtandao wa huku ni wa kubahatisha. Hilo la pili lina ukweli kidogo.

Posta yetu ni Gerson, dereva wa gari la samaki. Ukipokea bahasha inayonuka perege usiitupe, ni mimi.

Sasa nikueleze nilivyojipanga. Siku ile ulikuwepo. Daktari aliposema uvimbe uko kwenye sanduku la sauti, na tiba yake ni kuliondoa lote, niliinuka nikatoka. Najua haikuwa adabu. Jitu zima la miaka hamsini na tatu namkimbia daktari kama mtoto anayepelekwa chanjo. Wewe ulibaki ndani ukasikiliza yaliyosalia. Ulipotoka nilikuuliza kama kuna haraka yoyote, ukanijibu, "Daktari anasema uamuzi ni wako." Maneno hayo, ndugu yangu, yaliniingia kama maji baridi. Ndiyo yaliyonileta huku.

Nimeamua kusubiri mpaka mwakani. Nitapumzisha koo, nitakunywa hayo majani ya Hilda yanayonuka kama paa la nyumba ya tembe, halafu mwezi wa tisa nitakuja tusome trela ya filamu ya akina Denis. Baada ya hapo tutaona.

Usinicheke. Unajua mimi si mtu wa sura. Hata kwenye picha yangu ya harusi mpiga picha alinikata nusu, na hakuna aliyelalamika. Ruthu alinisikia kabla hajaniona: alikuwa anasukwa nywele, kwenye runinga ya saluni ikapita trela ya filamu, nami nikawa nanguruma, "Damu yake. Ardhi yake. Kisasi chake." Akauliza huyo ni nani. Baadaye aliniambia alitegemea mtu mrefu. Amevumilia ufupi wangu miaka yote kwa sababu ya sauti. Sasa wakishaiondoa, Alnashir, watamrudishia mtu gani?

Nitumie maneno ya hiyo *Mwaka wa Zabibu* yao niyazoee taratibu. Mwisho wa filamu usiniambie, kama kawaida yetu. Wateja bado wananikumbusha ile trela ambayo ulisahau ukanidokeza kwamba mama anakufa. Nilisoma "Je, mama atarudi?" kana kwamba tayari tumeshika majembe makaburini, na watu wakasema hawanunui kanda ya marehemu.

Kama Ruthu atapita dukani kwako, mwambie tu niko salama.

Wako,
Nikodemo Ndahani

*

Dodoma mjini,
17 Julai 2025

Kwa Bwana Nikodemo, Sauti ya Kanda ya Kati,

Nimeipata bahasha yako. Paka wa jirani aliipata kabla yangu.

Ruthu amekwisha pita. Alikuja Jumanne, akasimama kati ya redio na pasi, akaniuliza kazi gani ya filamu inafanyika Mtera bila mimi na mashine zangu. Nikamwambia mnarekodi sauti za ndege. Akasema, "Shemeji, haya." Unajua "haya" ya mke wako. Tangu siku hiyo chakula hakinishuki vizuri, ingawa kwa tumbo langu hilo si janga.

Maneno ya trela nimeyaweka ndani ya bahasha hii. Ni mafupi. Denis na wenzake wa Chamwino wamepiga picha nzuri sana shambani, mizabibu mpaka macho yanachoka. Kijana kanishauri eti kuna programu ya kompyuta, ukiilisha kanda zako za zamani itasoma yenyewe kwa sauti yako, mwenyewe usifungue mdomo. Nikamwambia nitafikiria. Usiku huo sikufikiria, nililala.

Ndugu yangu, mimi naona usisubiri mwezi wa tisa. Njoo mapema. Tukishamaliza trela, tupite tena kwa daktari, tumsikilize wote wawili, umekaa kwenye kiti safari hii. Mimi nitashika mlango.

Hakuna sababu maalumu. Njoo tu upesi.

Wako katika maikrofoni na madeni ya chai,
Alnashir Rajabali

*

Dodoma mjini,
17 Julai 2025

Kwa dada Hilda,

Habari za huko na za watoto. Barua hii nimemwomba Gerson akupe mkononi wakati kaka yako hayupo. Ile nyingine ni yake.

Dada, nakuandikia wewe kwa sababu yeye nimeshindwa kumwandikia. Siku ya hospitali, Nikodemo alipotoka, daktari aliendelea kuzungumza. Alisema uvimbe bado haujavuka ulipo, na akifanyiwa upasuaji kabla ya Agosti kwisha kuna matumaini makubwa ya kupona. Akichelewa, utaziba njia ya hewa, na utakuwa umeshaenea mahali ambapo kisu hakifiki. Alinitaka nimwambie hivyo hivyo. Barua ya rufaa ya kwenda Dar es Salaam ninayo hapa kwenye droo.

Nilitoka nikamkuta kwenye korido ameegemea ukuta. Akaniuliza kama kuna haraka. Nikasema uamuzi ni wake.

Si uongo, daktari alilisema na hilo. Lakini nililichukua hilo moja nikaacha mengine yote ndani. Sijui nikuelezeje. Kazi yetu ndivyo ilivyo: miaka yote hii mimi ndiye ninayeijua filamu inaishaje, na yeye ndiye anayesoma bila kujua. Tukiwa mbele ya maikrofoni akinigeukia na kuniuliza, "Nashir, huyu anapona?" mimi humjibu, "Soma tu." Pale kwenye korido alinigeukia kwa uso uleule. Mdomo wangu ukafanya ulichozoea.

Nakuomba umshawishi arudi. Wewe ni dada yake mkubwa, wewe atakusikia. Sababu usimwambie, itamshtua. Mwambie hata nyumba yako inavuja.

Kwa heshima,
Alnashir

*

Mtera,
24 Julai 2025

Kaka Alnashir,

Mbukwenyi, nakusalimu kwa lugha ya kwetu. Huku tuko wazima, isipokuwa huyo unayemjua.

Barua yako nimeisoma nikiwa jikoni, nikarudia tena. Mimi ni mtu wa kukausha samaki na kufundisha kwaya, sina maneno mengi, na Kiswahili changu nilijifunzia shuleni. Nitakuambia ninachokiona.

Ugali hauli tena. Anakunywa uji, na uji wenyewe anauinamia kama anauomba. Hulala amekaa, nimemwekea magunia ya mahindi mgongoni. Asubuhi anateremka majini, pale kwenye ile miti iliyokufa ambako wale ndege wakubwa, mwari, hukaa, na hayo maneno uliyomletea. Anasoma. Nilimfuata juzi nikasimama mbali. Alikuwa anasema, "Mwaka mmoja. Shamba moja. Ndugu wawili." Alipofika kwenye "ndugu" sauti ikakatika ikatoka pumzi tupu. Akaanza upya, ikakatika palepale. Akakaa juu ya jiwe, akawaambia wale ndege, "Samahani, mitambo." Mimi nilicheka, halafu nikarudi nyumbani nikalia.

Anadhani ana mwaka mzima wa kuchagua. Ananiambia kila siku, "Hilda, daktari kasema hakuna haraka." Namwangalia huku najua. Ni wiki sasa namwangalia huku najua, na sitaki kuendelea.

Nyumba yangu haivuji. Bati ni jipya, na yeye mwenyewe alisaidia kulipigilia. Sitamwambia uongo wa bati.

Wewe ndiye uliyekaa kwenye kile chumba. Aliyokuambia daktari yalikuwa ya Nikodemo, wewe ulipewa uyabebe tu. Mwandikie mwenyewe, kwa mkono wako, na uandike yote. Ukinitumia tena barua ya kufichwa nitampa aisome yeye kwa sauti.

Nakusalimia sana.
Hilda Ndahani

*

Dodoma mjini,
26 Julai 2025

Nikodemo,

Barua hii haina utani. Isome umekaa, Hilda akiwa karibu.

Siku ile ulipotoka, daktari hakuwa amemaliza. Alisema hivi: usipofanyiwa upasuaji utakufa. Alisema ukifanyiwa kabla ya Agosti kuisha, ana matumaini makubwa kwamba utaishi. Baada ya hapo hakuwa na neno la kuniahidi. Sauti haitabaki kwa namna yoyote ile, uchelewe au uwahi. Kama ungesubiri mpaka mwakani ungepoteza vyote viwili.

Uliniuliza kama kuna haraka. Jibu lilikuwa ndiyo. Ndiyo, na kubwa.

Sikukuambia. Nimejaribu kujitafutia sababu nzuri, na zipo nyingi, mimi ni mfanyabiashara. Nilijiambia nakupa muda. Nilijiambia mgonjwa asitishwe. Ukweli ni kwamba nimekuficha miisho kwa muda mrefu mpaka nikaamini ni kazi yangu hata nje ya studio. Tena nilifanya ujanja mwingine wa kwenye trela: nilichukua sentensi moja ya daktari, ile isiyoumiza, nikaikata, nikakuonyesha hiyo tu.

Rufaa ninayo. Nimepiga simu Dar es Salaam, wanasema ukifika kabla ya tarehe kumi na tano Agosti watakupangia. Gari langu lina mafuta. Ukisema nije, nakuja siku hiyohiyo.

Ruthu hajui. Jana alipita tena, hakuniuliza kitu. Alinunua balbu, na nyumbani kwenu najua balbu ziko nzima.

Nisamehe, au usinisamehe, lakini uje.

Alnashir

*

Mtera,
29 Julai 2025

Alnashir,

Nimeisoma. Hilda alikuwa karibu kama ulivyoagiza, na kumbe naye alikuwa anajua. Ndege peke yao ndio hawakuambiwa.

Ungekuwa mbele yangu ningekufokea, ila kelele sina, kwa hiyo umepona. Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi. Mwanzo niliiandika ikawa ndefu na chafu, nikaichana.

Nitasema hili moja. Mimi nilitaka nisijue mwisho nikiwa kazini, kwa sababu waliokuwa wanakufa ni watu wa kwenye filamu, na tukishamaliza tunakwenda wote kunywa chai. Pale kwenye korido sikuwa nasoma trela. Nilikuwa nakuuliza.

Nami nina langu. Aliyeinuka kwenye kiti ni mimi. Nilikuachia ukae badala yangu, halafu nakulaumu ulivyokaa. Hilo nalijua, lakini kwa leo hasira yangu haijali.

Kesho napanda gari la Gerson. Usije kunichukua. Ruthu nitamwambia mwenyewe, usinitangulie hata kwa dakika. Na wiki hii usifike nyumbani kwangu. Rufaa mpe Gerson akishakushushia hii.

Maneno ya Denis nayarudisha humu ndani. Tafuta mtu mwingine. Ile mashine msiilishe kanda zangu. Nikinyamaza, ninyamaze.

Nikodemo

*

Dar es Salaam, wodini,
7 Septemba 2025

Kwako Alnashir,

Barua hii anakuja nayo Petro, mdogo wake Ruthu, kwa treni. Simu sasa ninayo, ila vidole vyangu ni vinene na herufi zake ni ndogo, nami nimezoea kalamu. Isitoshe, ukikaa kimya wiki tatu unagundua kwamba ulikuwa na mengi.

Nimekatwa. Niko hai. Daktari wa huku anasema ameutoa uvimbe wote, na pembezoni mwake amepima akakuta pasafi. Nina tundu shingoni la kupumulia, na nikikohoa linanishangaza mimi mwenyewe. Uji napitishiwa puani kwa mpira, kwa hiyo usiulize kuhusu vyakula vya Dar es Salaam. Nimekonda, suruali naishikilia kwa mkono. Sura sasa inazidi kuwa mbaya, lakini hiyo hasara tuliizoea.

Nikuambie kuhusu Ruthu, maana najua unaogopa kuuliza. Niliposhuka kwenye gari la Gerson nanuka samaki, alikuwa uani anaanua nguo. Nilimweleza palepale, kwa hiyo sauti ya kabati. Yote, na ya kwako, na ya kwangu. Nilitegemea kelele. Aliniuliza mambo mawili: siku ya kulazwa ni lini, na imekuwaje nimekonda hivi wakati wifi yake ana samaki. Halafu akaingia ndani akaosha vyombo ambavyo vilikuwa vimeshaoshwa. Aliviosha vyote, hata vya kabatini vya wageni. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza, naye hakugeuka. Alipomaliza akasema, "Umenikimbia ukakaa na ndege."

Kwako ana hasira, nisikufiche. Itapungua. Umpelekee balbu.

Mimi yangu imepungua. Nilitaka ikae muda mrefu zaidi, lakini mgonjwa mwenzangu, mzee Daudi wa kitanda cha jirani, hana mtu hata mmoja wa kumkasirikia. Nikamwonea huruma nikajionea aibu. Wewe uliniandikia ile barua. Ungeweza kumwachia Hilda, na ukajaribu, najua, kaniambia. Lakini mwishowe uliiandika. Nimekuja nayo huku, iko kwenye begi.

Trela Petro kanionyesha kwenye simu. Kwa hiyo ukaamua kuisoma mwenyewe. Alnashir, ndugu yangu, umesoma "Mwaka mmoja, shamba moja" kama mtu anayetangaza kwamba kesho maji yatakatika mtaa wa Uhindini. Hukuvuta pumzi kabla ya "ndugu wawili". Pumzi ile ndiyo kazi yenyewe, maneno yanafuata tu. Nikipona nitakuja kusimama mbele yako pale studio nikuinulie mkono pa kuvuta na nikushushie pa kutoa. Niliiangalia mara nyingi lakini. Wauguzi wakadhani naipenda.

Sasa kuna jambo nataka wewe ulijue, kwa sababu ni la watu wa kazi yetu na mwingine atalicheka vibaya.

Wiki nzima kabla ya upasuaji nilikuwa naandaa sentensi ya mwisho. Ya kumwambia Ruthu. Mtu amesoma trela maisha yake yote, hawezi kuiacha sauti iondoke hivi hivi. Niliifanyia kazi kuliko zote. Niliikata, nikaipunguza, nikaitafutia pa kuvutia pumzi ili isije ikakatika katikati kama kule majini. Ilikuwa fupi na nzuri, na nilikuwa nimeihifadhia pumzi, siongei na mtu. Nilipanga nimwambie asubuhi ileile, pale mlangoni mwa chumba cha upasuaji wanaporudisha ndugu.

Asubuhi hiyo wakamtuma Ruthu duka la dawa, kwenye foleni. Akiwa huko, muuguzi akaja na kitanda cha magurudumu, ana haraka, mgonjwa aliyekuwa mbele yangu presha imepanda na zamu imekuwa yangu. Nikamwonyesha kwa mkono asubiri. Akasema, baba, wanakungoja. Nikapanda. Wakati napanda nikaziona ndala zangu sakafuni, katikati ya njia, ambapo mtu angezikanyaga. Nikamuuliza, "Ndala niziache wapi?"

Akasema, nitakuwekea. Tukaenda.

Basi ndiyo hiyo. Nimenguruma kisasi na damu na ardhi kwa nusu ya maisha yangu, na neno langu la mwisho duniani kwa sauti niliyozaliwa nayo ni habari ya ndala. Nilipozinduka nikakumbuka, nilitaka kulia. Kulia nako hakutoi sauti siku hizi, kwa hiyo nilifanya nusu.

Siku ya nne walinipa kibao na chaki. Nikamwomba Ruthu karatasi badala yake, nikamwandikia ile sentensi, yote, na pale pa kuvuta pumzi nikaacha nafasi. Akaisoma taratibu. Akaikunja, akaitia kwenye mkoba pamoja na kitambulisho chake. Akasema, "Nzuri. Lakini muuguzi kaniambia ulichomuuliza. Mimi nimechukua hicho."

Nikainua nyusi. Sasa hivi ndizo ninazozungumzia.

"Foleni nzima nilikuwa nawaza kwamba pengine huko Mtera ulishaamua kufa," akasema. "Mtu aliyeamua kufa haulizi ndala zake."

Ziko chini ya kitanda. Ya kushoto mkanda umeng'oka. Nimemwandikia Ruthu aninunulie mpya, zimejaa hapo getini. Amekataa, anasema nitatoka na zilezile.

Wako,
Nikodemo